Ni Aina Mbili, Ukutani Imechorwa Moja

Nimeambiwa nikiandika nisitaje majina ya watu. Sitayataja. Lakini kazi zao nitazitaja, na kila mtu wa huku atawajua. Yuko bwana wa mradi, aliyeniambia kwamba macho yangu hayaoni yanachokiona. Yuko naibu wa chifu, aliyeandika uongo kwenye karatasi ya serikali. Yuko mume wangu na mbuzi wake. Na nipo mimi, niliyewasha moto nikapika. Sisi wanne ndio tuliomuua dada yangu. Na ukuta wa zahanati yetu, hapa kando ya mto Tana chini ya mji wa Garissa, mpaka wiki hii ulikuwa bado unawaambia watu wengine: kuleni.

Sisi wafugaji hatuli uyoga. Kwa Kisomali tunauita mto wa fisi, ule wa kulalia kichwa, maana unatoka ghafla asubuhi mahali ambapo hapakuwa na kitu, kana kwamba fisi alilala pale akaamka akauacha. Nilipokuwa mtoto huko Griftu, mama akiniona nimeugusa alinisugua mikono kwa mchanga mpaka inawaka. Nilifika darasa la tatu tu, nikatolewa kwenda kuchunga. Kwa hiyo uyoga niliujua kwa teke. Ukame ulipomaliza mifugo, mimi na mume wangu tukahamia huku mtoni kulima vitunguu na mahindi, tukabaki na mbuzi wachache. Dada yangu mdogo akaja kuishi nasi na binti zake wawili, baada ya mumewe kwenda Mandera kutafuta biashara na kuoa huko huko.

Bwana wa mradi alikuja mvua zilipoanza, na gari na dereva. Alikuwa anaandika orodha ya uyoga wote wa msitu wa mtoni. Aliuliza nani anaujua msitu, akaambiwa ni mimi, kwa kuwa kila siku nilikuwa humo nikitafuta kuni. Nikawa kibarua wake misimu miwili.

Alichokuwa anakitafuta zaidi ni uyoga wa matawi. Hauna kofia wala mwavuli. Unatoka kama kichaka kidogo kisicho na majani, tawi juu ya tawi. Yeye aliuita uyoga wa matumbawe, akanionyesha kwenye simu picha ya matumbawe chini ya bahari. Mimi bahari sijawahi kuiona. Nilichokiona pale ni pembe, pembe nyingi zimetoka kichwa kimoja.

Sitasema hakunifundisha. Alinifundisha vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Alisema usiung'oe, uchimbe kwa kisu mpaka mzizi. Tazama umesimama juu ya nini, mti uliokufa au udongo. Tazama ncha za matawi. Bonyeza kwa ukucha, halafu subiri uone pakibadilika rangi. Nusa. Kisha ulaze kwenye karatasi nyeusi, uufunike na bakuli hadi kesho, utaangusha vumbi lake, na vumbi hilo lina rangi yake. Kila mmoja niliufunga kwenye gazeti pamoja na jani la mti uliokuwa karibu, ili nikumbuke mahali.

Mtu aliyekulia na mbuzi hawatambui kwa rangi. Rangi mtu anaiangalia mwisho kabisa. Unaangalia sikio, unaangalia namna pembe inavyoanza, unaangalia anavyosimama. Mbuzi wawili weupe wa nyumba mbili wakichanganyika kisimani, mwenye nao anawatoa bila kufikiri. Ndivyo nilivyoutazama uyoga ule, na kabla msimu wa kwanza haujaisha nilikuwa nimeona nyumba mbili.

Wa kwanza hukaa juu ya gogo lililooza. Mweupe kama maziwa yaliyolala. Kila ncha yake imekatwa kama kikombe kidogo chenye meno. Ukiubonyeza hauna neno, na vumbi lake ni jeupe. Wa pili hutoka kwenye udongo, lakini huwa karibu na gogo, hata mtu mvivu atadhani umetoka kwenye gogo. Shina lake ni nene. Ukiwa mchanga una rangi ya waridi na ncha za manjano, ukizeeka unafifia na kufanana na ule wa kwanza. Ncha zake ni butu, hazina kikombe. Ukiubonyeza, hesabu pumzi kama ishirini, alama ya ukucha inakuwa kahawia. Na vumbi lake ni la manjano, kama bizari iliyomwagika.

Nikamwambia, "Daktari, hawa si ndugu." Nilikuwa nawasema kama mifugo, sikuweza kujizuia.

"Ni hao hao, mama," akasema. "Huyu mtoto, huyu mzee. Wewe ukizeeka hutabadilika rangi?"

"Nitabadilika rangi. Sitabadilika masikio."

Akacheka, akamwita dereva akamweleza maneno yangu, dereva naye akacheka. Nikamletea karatasi nyeusi mbili, moja ina vumbi jeupe na nyingine la manjano. Akaigeuza ile ya manjano kwenye jua. "Karatasi hii imechafuka, mama. Umeishika na mikono yenye viungo." Akaandika aina moja. Nilimwona akiandika. Kusoma Kizungu sijui, lakini mstari mmoja na mistari miwili naijua.

Dada yangu alinitania kwa kazi hiyo mpaka nikachoka. "Abaayo," alikuwa akisema, yaani dada, "wenzako wanasoma Kurani, wewe unasoma kuvu. Siku ya hukumu utaulizwa, ulifanya nini duniani? Utasema, nilibonyeza mto wa fisi."

"Nyamaza wewe, mumeo kakushinda kumsoma."

"Yule? Yule ningembonyeza kidogo ningemjua. Angebadilika rangi hapo hapo." Kisha anacheka mpaka anashika mbavu. Alikuwa na kicheko cha kumfanya mtu asahau alichokuwa amekasirikia.

Msimu wa pili ulipoisha, mradi ukaleta mchoraji wa mabango achore ukutani mwa zahanati vyakula vya porini vinavyofaa wakati wa shida. Akachora matunda, akachora mboga za majani, akachora na uyoga wa matawi, mkubwa kama mbuzi. Mchoraji huyo uyoga hakuwahi kuuona, alipewa picha mbili akachanganya. Akauweka juu ya gogo, kama ule wa kwanza, akaupaka rangi ya waridi ya ule wa pili. Chini akaandika: UNALIWA. Nilimpigia bwana wa mradi simu. Nikasema, huu mchoro una mguu wa huyu na ngozi ya yule. Akasema mchoro umeshapitishwa ofisini, nisihangaike.

Basi mto ukafurika.

Wanaokaa huku wanajua ile mvua, sina haja ya kuieleza sana. Shamba lilikwenda na maji. Barabara ilikatika upande wa mjini na upande wa chini. Watu wote tukapanda kwenye kile kilima ambapo zahanati imejengwa, tukatandika mikeka na maturubai uani. Muuguzi alikuwa amekwama ng'ambo, mlango una kufuli. Na ukuta ule mbele yetu. Siku nzima mtu amekaa na njaa anatazama ukuta, na ukuta unamtazama yeye, umeandikwa unaliwa.

Siku ya sita unga ulikuwa wa watoto tu. Watu wa mtoni, wale wakulima wa asili, wao walikuwa wamehamia kilima kingine, hapakuwa na mtu wa kumuuliza zaidi yangu. Wanawake wakaingia sehemu ya msitu iliyobaki kavu. Dada yangu alikuwa ametoka kwenye homa ya wiki nzima, shavu limeingia ndani, lakini alikwenda. Akarudi na mtandio umejaa, akaumwaga kwenye mkeka wangu.

"Haya, mwalimu. Wasomeshe."

Nikawatenga. Huku wa gogo, huku wa udongo. Wa udongo walikuwa wengi zaidi, na wazee, wamefifia. Fungu la kuliwa likawa kiganja. Dada yangu akalitazama, akanitazama mimi, safari hiyo hakucheka.

Mume wangu akaja. Akauliza kwa nini chakula kinatupwa. Nikamweleza, bonyeza uone, inageuka kahawia. Akasema hata tunda likibonyezwa linageuka kahawia. Kisha akafanya jambo ambalo mfugaji yeyote angelifanya. Porini, ukikuta jani usilolijua, unamwangalia mbuzi. Mbuzi akilikwepa, nawe likwepe. Akilila akacheua, hilo halina neno. Baba yake alimfundisha hivyo na mimi baba yangu alinifundisha hivyo. Akachukua konzi mbili kutoka lile fungu nililolitenga, akampa mbuzi jike mweupe. Mbuzi akala, akaramba na mkono.

"Tutamsubiri mpaka alasiri," akasema.

Tukasubiri. Uwanja mzima ulimtazama mbuzi yule kuliko unavyotazamwa mwezi wa Idi. Adhuhuri amelala anacheua. Alasiri akasimama, akapiga chafya, akaenda kusugua shingo ukutani, chini ya mchoro.

"Umeona?" mume wangu akaniambia mbele ya watu. "Mwenye digrii amesema unaliwa. Ukuta umesema unaliwa. Mbuzi amesema unaliwa. Nani mwingine unamtaka, Jibrili?"

Watu wakacheka. Na hapa ndipo kosa langu lilipo, silifichi. Ningeweza kuumwaga mtoni. Ningeweza kuukalia. Lakini nilikuwa na njaa ya siku sita, na nikaanza kujiuliza kama kweli niliosha mikono siku ile ya karatasi ya manjano. Mtu asiyesoma akipingwa na watu watatu huanza kujishuku, hata kwa kitu alichokishika mwenyewe. Nikawasha moto. Nikapika yote.

Uji wa mwisho tuliwapa watoto. Uyoga tukala watu wazima. Ulikuwa mchungu. Mimi nikala kidogo nikaacha, mume wangu akala, dada yangu akala sahani nzima, kwa kuwa siku mbili sehemu yake ya unga alikuwa amewapa binti zake.

"Mchungu kama dawa," akasema. "Basi ni dawa."

Jua halijatua tukaanza kutapika, na tumbo kuendesha. Sitaeleza zaidi ya hapo. Waliokula walikuwa kama watu kumi, na tisa tuliinuka siku ya tatu. Mbuzi ana matumbo manne na mtu ana moja. Hilo nalijua tangu nikiwa na urefu wa fimbo, nimeshawachinja na kuwafungua. Kwa nini sikulikumbuka siku hiyo?

Asubuhi iliyofuata mlo ule nilijikokota kwa naibu wa chifu. Boti ilikuwepo, na simu ya kuiita alikuwa nayo yeye. Nikamwambia dada yangu haongei, macho yameingia ndani, ngozi ukiivuta hairudi. Akasema boti inasubiriwa na wageni wanaokuja kukagua mafuriko. Akasema, "Kuhara tu huko. Mpeni maji." Maji yapi? Yale yaliyokuwa yanapita na mizoga? Nilimpa hayo hayo, nimeyachemsha, na yote aliyarudisha.

Alikufa alasiri, kichwa kikiwa pajani kwangu. Mkubwa wa binti zake alikuwa anamkanda miguu, akawa anaendelea kuikanda, nami sikuwa na nguvu ya kumwambia aache.

Wageni walipofika na boti yao, naibu wa chifu alijaza karatasi. Sababu ya kifo: maji machafu. Nilimwuliza mbona hakuandika uyoga. Akanivuta pembeni. "Nikiandika uyoga, mradi utaondoka. Na wewe ndiye uliyepika. Unataka niandike hivyo?" Nikarudi kukaa na binti zake. Karatasi ikaenda hivyo, na ukuta ukabaki msafi hauna kesi.

Tangu siku hiyo jambo ninalolitaka ni moja tu, ule mchoro ufutwe kabla mvua nyingine haijanyesha. Nimekwenda ofisini mara nyingi kuliko ninavyokwenda sokoni. Mume wangu sizungumzi naye ila kwa mambo ya lazima. Yeye naye haniombi msamaha, ila amemuuza yule mbuzi bila kuambiwa na mtu. Sikumshukuru.

Mwezi huu mvua zimerudi. Na bwana wa mradi amerudi.

Alinikuta mlangoni napepeta maharagwe. Alikuwa amekonda. Alisema ule uyoga aliokausha aliupeleka kwa wakubwa wake, wakautazama kwa vyombo vyao, wakamwambia ni aina mbili. "Mama, ulikuwa sahihi." Alisema hivyo akitazama viatu vyake. Sasa anahitaji ule wa pili ukiwa mbichi, na mahali unapoota, ili aandike upya.

"Dada yangu amekufa," nikasema.

"Nilisikia. Pole sana. Niliambiwa ni kipindupindu."

"Uliambiwa na nani?"

Akafungua daftari lake, akatafuta ukurasa.

"Futa ukuta kwanza," nikamwambia. "Leo. Halafu nitakuonyesha."

"Ukuta ni wa idara nyingine, mama. Nikipata huo uyoga, nitaandika ripoti, ripoti ndiyo itakayofuta ukuta."

"Ukuta kwanza."

Siku tatu alikuja kila asubuhi, na siku tatu nilimjibu neno hilo hilo. Niliujua ulipo. Nilikuwa nimeuona siku ya kwanza tu ya mvua, chini ya mgunga mkubwa, waridi mzuri, ncha za manjano. Na nisikilizeni nilichofanya. Sikuung'oa. Niliufunika kwa majani makavu, ili yeye asiuone. Uyoga ule haukai siku nyingi. Nilitaka uoze pale pale, arudi kwao mikono mitupu, aonje kidogo kukosa kitu.

Siku ya tatu, saa nne hivi, akaja mwanamke nisiyemjua. Alikuwa ametoka upande wa Takaba na watoto wanne, wamefikia kwa jamaa zao hapa wiki iliyopita. Alipiga hodi kuniomba sufuria. Mtandio wake ulikuwa umejaa.

"Una nini humo, walaal, ndugu yangu?" nikamuuliza.

"Chakula. Kiko pale ukutani, si umekiona? Nimekipata chini ya mgunga, kilikuwa kimefunikwa na majani. Alhamdulillahi, kana kwamba mtu ameniwekea."

Nikakaa chini. Nikamwambia aumwage kwenye mkeka. Nikabonyeza mmoja kwa ukucha, nikamwambia ahesabu pumzi pamoja nami. Ilipogeuka kahawia akasema, "Hata tunda hugeuka." Maneno yale yale. Nikamwambia habari ya dada yangu yote, na ya mbuzi. Akasikiliza, kisha akauliza, "Sasa kwa nini ukuta unasema unaliwa?" Nikampa sufuria, na maharagwe yaliyokuwa kwenye ungo.

Bwana wa mradi alipofika nilimwonyesha ule mkeka. "Huo hapo. Chukua. Mahali ni chini ya mgunga, mpaka leo nilikuwa nimeuficha." Alipiga magoti. Akapiga picha, akamwomba yule mwanamke asogee kidogo asitie kivuli. Nikamwacha hapo, nikaenda nyuma ya nyumba.

Chokaa tulikuwa nayo nusu ndoo, ya kupaka vyumba. Nikaikoroga, nikaibeba mpaka zahanati. Nikapanda kwenye benchi la wagonjwa nikaanza na yale maandishi. Bwana wa mradi akaja mbio. "Mama, ngoja nipate ruhusa." Niliendelea. Waridi ni rangi mbaya kuifuta, ilibidi nipake mara tatu, na bado ukisimama kwa upande unaona kitu kama pembe ndani ya weupe. Wanawake walitoka kutazama. Mmoja akasema nimerukwa na akili, mwingine akashika benchi lisiyumbe. Binti mkubwa wa dada yangu akaniita, "Habaryar, umeacha pale juu," ndivyo tunavyomwita dada wa mama, akaninyooshea kidole mahali.

Naibu wa chifu ametuma mtu jioni hii hii. Kesho saa tatu niende nikajibu kwa nini nimeharibu mali ya umma. Nitakwenda. Nitamwambia aandike mawili: ukuta niliufuta mimi, na dada yangu hakuuawa na maji. Akiandika kwamba mpishi ni mimi, na aandike.

Kabla gari halijaondoka nilimuuliza bwana wa mradi kama atakuja kesho asimame mle ofisini, aseme yale aliyoniambia mimi mlangoni, kwamba ni aina mbili na kwamba nilimwambia mapema. Boksi la uyoga lilikuwa mapajani mwake, limefungwa vizuri. Alisema ataangalia ratiba yake.